Karume, Simba na Kisoda: Barua Zenu Kuhusu Uwezekano

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba katika miaka 34 ya kushika chaki hakuna mada niliyoipenda kama uwezekano. Mstari huo umeniletea barua nyingi kuliko makala yangu nzima ya matriki, ambayo niliihangaikia wiki mbili. Sawa, nimeelewa. Leo nawajibu sita.

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Hisabati Kidato cha Nne na huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Wanafunzi wangu wameikariri kanuni ya uwezekano bila kukosea neno. Lakini nikiwauliza, ukirusha shilingi mbili kwa pamoja, uwezekano wa kupata vichwa viwili ni upi, nusu ya darasa inajibu theluthi moja. Nikiwaambia ni robo wanaandika robo, na kesho yake wanarudi kwenye theluthi yao. Nianzie wapi?
*Mwalimu, Kahama*

Marahaba, mwanangu. Kwanza usiwagombeze, maana theluthi hiyo hawakuiokota njiani. Wamehesabu: vichwa viwili, hapana kichwa hata kimoja, na mchanganyiko. Mambo matatu, wakachukua moja chini ya tatu. Mwaka 1754 Mfaransa Jean d'Alembert, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa zama zake, aliteleza karibu palepale. Katika ensaiklopidia aliyokuwa akiihariri pamoja na Denis Diderot, aliandika kwamba ukirusha sarafu mara mbili, uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni theluthi mbili. Hoja yake: kichwa kikija mara ya kwanza mchezo umekwisha, kwa hiyo kuna njia tatu tu. Jibu ni robo tatu. Waambie vijana wako hilo, watafurahi kukosea pamoja na mtu wa namna hiyo.

Sasa angalia kosa lilipo. Haliko kwenye kugawanya. Watoto wetu wanajua kugawanya. Liko kwenye asili, ile namba ya chini ya mstari. Wameweka tatu bila kujiuliza kama vitu hivyo vitatu vina uzito mmoja. Ndiyo sababu kanuni haiwasaidii: inasema "gawanya kwa jumla ya matokeo", haisemi matokeo yahesabiweje. Katika miaka yangu yote, makosa niliyosahihisha kwenye mada hii karibu yote yalikuwa chini ya mstari.

Kwa hiyo usianze na shilingi. Anza na kisoda, kile kifuniko cha bati cha chupa ya soda.

Shilingi ina ubaya mmoja: kila mtoto anajua jibu kabla hajairusha. Atasema nusu, atarusha mara mbili tatu kukuridhisha, kisha atakaa. Kisoda hakijulikani. Kikidondoka, ama meno yanatazama juu ama yanatazama chini. Waulize uwezekano wa meno kutazama juu. Watasema nusu, kwa sababu pande ni mbili. Usiwajibu. Wagawe wawili wawili, kila jozi irushe mara 100 na kuchora vijiti kwenye daftari. Mtakapokusanya hesabu ubaoni mtaona namba iliyokataa kukaa kwenye nusu. Hapo kaa kimya kidogo, mwache mmoja wao aseme mwenyewe kwamba pande mbili si lazima ziwe pande sawa. Likitoka kinywani mwa mtoto wa dawati la nyuma lina nguvu kuliko likitoka kwako. (Usiniulize namba yenyewe. Kisoda changu kilibondwa na kifungulio, chako kimefunguliwa kwa meno ya mjomba, havitafanana.)

Siku ya pili ndiyo ulete shilingi, na usilete mbili zinazofanana. Lete ya 200 na ya 100. Ya 200 ina Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Ya 100 ina Nyerere na swala. Waambie waorodheshe kila kinachoweza kutokea. Watapata Karume na Nyerere, Karume na swala, simba na Nyerere, simba na swala. Nne. Ule "mchanganyiko" wao umepasuka vipande viwili mbele ya macho yao, maana hakuna anayeweza kusema Karume na swala ni kitu kimoja na simba na Nyerere. Baada ya hapo waulize swali ambalo mimi nililipenda sana: nikikupa za 200 mbili zinazofanana, je, shilingi itajua kwamba imefanana na mwenzake, ibadili tabia?

Kisha warushe. Darasa la 40 ni jozi 20, kila jozi mara 50, hizo ni mara 1,000. Safu ya mchanganyiko itakwenda jirani na 500. Wale wa theluthi walikuwa wanategemea 333. Ikiwa itakaribia 333, niandikie, nitapanda basi nije Kahama mwenyewe.

Na funga mlango, au mtaarifu mkuu wa shule mapema. Mwaka 1983, nikiwa mpya kazini kama wewe, nilikuwa na darasa lililokuwa likirusha shilingi za wakati ule, upande mmoja Nyerere, upande wa pili Mwenge. Vijana 36 wanapiga kelele "Mwenge! Mwenge!" na shilingi zinabingirika chini ya madawati. Mkuu wetu alipita dirishani, akaona pesa sakafuni na mwalimu amepiga magoti akizitafuta. Aliingia bila hodi. Shilingi zote alizikusanya kwenye kofia yake kama ushahidi wa kamari, nami nikaandika barua ya maelezo kurasa mbili. Shilingi zilirudi, pungufu tatu.

Mwalimu, mimi nafundisha shule ya msingi na natamani kuwaandaa watoto mapema, lakini sina maneno. Vitabu ninavyopata ni vya Kiingereza. Kiswahili tunasemaje?
*Mwalimu wa Darasa la Sita, Pangani*

Ukisema Kiswahili hakina maneno ya mada hii utanichokoza. Kurusha ni jaribio. Kilichojitokeza ni tokeo. Ulichokuwa unakingojea, mfano "namba shufwa", ni tukio, nalo laweza kubeba matokeo kadhaa. Matokeo yote yakikusanywa, mimi nilikuwa nayaita orodha kamili, na wanafunzi walinielewa bila maelezo zaidi. Dado tunalo tangu Wareno, tulilipata pamoja na karata zenyewe na shupaza na kopa zake.

Ila kwa umri wa wanafunzi wako, acha hayo yote. Kuna mali kubwa zaidi. Funga kamba ya kuanikia nguo kutoka dirishani hadi mlangoni. Mwisho huu bandika 0, mwisho ule bandika 1. Kisha wape karatasi zenye maneno wanayoyasema kila siku: muhali, haielekei, huenda, labda, pengine, yamkini, yaelekea, bila shaka, hakika. Kila mmoja aje na kibanio chake abane neno mahali anapoona linastahili.

Muhali utakwenda kwenye 0 na hakika kwenye 1 bila ugomvi. Katikati ndiko kwenye vita. Niliwahi kuwa na watoto wawili walioshikana mashati, mmoja kasema "yamkini" ni zaidi ya nusu, mwenziwe kasema ni sawa na "labda". Msikilize kila mmoja anavyojitetea, kwa sababu anachofanya pale ni kupima kutojua kwake, na hiyo ndiyo mada yenyewe. Baada ya maneno leta sentensi. Kesho jua litachomoza. Mvua itanyesha Pangani mwezi wa nne. Nyanya yangu atashinda mbio za kilomita 100. Watabana, watabishana, na ukija kuwaambia kwamba wataalamu wanaandika namba mahali pa maneno hayo, hakuna atakayeshtuka.

Mtoto mmoja aliniletea neno "inshallah" akaniuliza libanwe wapi. Nilimwambia alifunge kwenye kamba nzima. Sijui kama nilijibu vizuri, ila darasa liliridhika na kengele ikalia.

Mwalimu, nimerusha shilingi 20 yetu ya Kenya mara kumi, ndovu imekuja mara 7 na nembo mara 3. Nimerudia mara kumi nyingine, ndovu 6. Je, sarafu yangu ni mbovu?
*Mwanafunzi, Voi*

Hapana, mwanangu, wewe ndiye mwenye haraka. Ukirusha sarafu nzima isiyo na hila mara 10, ndovu itakuja mara 7 au zaidi katika majaribio kama 17 kati ya kila 100. Maana yake, darasani kwenu mkiwa 40 na kila mtu akirusha mara 10, wanafunzi kama saba hivi wataenda nyumbani wakilalamika kama wewe.

Kuna mtu alikuwa na muda kuliko wewe na mimi. John Kerrich, mwanahisabati aliyefundisha Chuo Kikuu cha Witwatersrand kule Johannesburg, alikuwa Denmark Wajerumani walipoivamia mwaka 1940, akazuiliwa kambini hadi vita vilipokwisha. Humo kambini yeye na mwenzake mmoja waliamua kurusha sarafu na kuandika. Walirusha mara 10,000. Vichwa vilikuja mara 5,067.

Hiyo 67 ndiyo ningependa uiangalie vizuri. Wengi hudhani kwamba ukirusha mara nyingi sana, vichwa na mikia vitalingana kamili, kama vile sarafu inadaiwa na inalipa. Hailipi. Kwa hesabu ya kichwa kwa kichwa Kerrich alizidi nusu kwa 67, wewe kwenye kumi za kwanza umezidi kwa 2 tu. Lakini 2 katika 10 ni nyingi, na 67 katika 10,000 hata asilimia moja haifiki. Tofauti haifutwi, inamezwa. Andika matokeo yako baada ya kila mara kumi, chora mstari, uone unavyoyumbayumba mwanzoni kama mlevi kisha unavyotulia. Ukifika 500 niandikie tena.

Shikamoo Mwalimu. Biolojia tumefundishwa kwamba wazazi wawili wenye chembe za AS, yaani wanaobeba chembe ya selimundu bila kuugua, uwezekano wa mtoto kupata selimundu ni robo. Wazazi wangu wote wawili ni AS. Sisi tuko wanne, na wenye selimundu ni wawili, mimi na mdogo wangu. Nilimwambia mwalimu kwamba robo ya wanne ni mmoja, akaniambia nikae chini. Nyumbani baba mkubwa naye anasema familia yetu imekwishamaliza fungu lake la ugonjwa, wakizaliwa wengine watakuwa wazima. Nani yuko sahihi?
*Mwanafunzi wa kike, Muheza*

Marahaba, mjukuu wangu. Swali lako halikustahili kuambiwa ukae chini. Simama nikujibu.

Chukulia kila mzazi wako ana shilingi moja, upande mmoja imeandikwa A, upande wa pili S. Kila mimba inapoingia, baba anarusha yake na mama anarusha yake. Zikija A na A, mtoto ni AA. A ya baba na S ya mama, mtoto ni AS. S ya baba na A ya mama, naye ni AS. S na S, mtoto anapata selimundu. Njia nne, zenye uzito mmoja, na ni ileile orodha ya Karume na simba niliyompa mwalimu wa Kahama hapo juu. Moja kati ya nne. Mwalimu wako hakukosea robo.

Alikosea kutokukueleza robo hiyo ni ya nini. Ni ya kila mtoto peke yake. Haisemi kwamba watoto wanne watagawana kama mkate. Tuhesabu. Fikiria familia 256 kama yenu, kila moja wazazi AS wote wawili na watoto wanne. Nimechagua 256 kwa sababu ni 4 mara 4 mara 4 mara 4, hesabu inakaa bila desimali. Kwa wastani, familia 81 hazitapata mtoto hata mmoja mwenye selimundu. Familia 108 zitapata mmoja. Familia 54 zitapata wawili. Familia 12 watatu. Na familia 1 wote wanne. Jumlisha, utapata 256.

Sasa tazama: "mmoja kati ya wanne" kamili limetokea kwa familia 108, hata nusu hazifiki. Familia 148 zimepata kitu kingine. Ninyi mko kwenye zile 54. Si ajabu, si mkosi, na hakuna aliyeikosea hesabu wala kuwakosea ninyi. Nakuomba uinakili orodha hiyo umpelekee mwalimu wako kwa heshima, huenda akaitumia.

Kuhusu baba mkubwa, mwambie shikamoo yangu, kisha mwambie hakuna fungu. Shilingi ya baba haina daftari la waliokwishazaliwa. Mtoto wa tano akija, robo yake ni ileile kana kwamba ninyi wanne hamkuwahi kuwapo. Hili si la kubishania mezani tu, kwa sababu wapo wazazi wanaopanga uzazi kwa kutegemea "fungu limekwisha". Wazazi wako wakifikiria mtoto mwingine, wazungumze kwanza na wahudumu wa kliniki yenu ya selimundu, na akizaliwa apimwe mapema. Wewe na mdogo wako msiache dawa na maji ya kutosha. Najua unajua, lakini bibi lazima aseme.

Mwalimu, mwanangu wa sekondari amekuja na kazi ya nyumbani ya kukokotoa uwezekano wa mkeka wa mpira, ile tiketi ya kubeti mechi nyingi kwa pamoja. Mkeka! Nimekwenda shuleni kulalamika kwamba wanafundishwa kubeti. Je, nimekosea?
*Mzazi, Morogoro*

Hujakosea kuuliza, ila ningekuwa mimi ningeikamilisha ile kazi kabla ya kwenda. Hesabu hii ilizaliwa kwenye kamari, hatuwezi kuificha. Mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua kuhusu namna ya kugawana dau la mchezo uliokatizwa kabla haujaisha, na wengi wanaitaja hiyo kama siku ya kuzaliwa kwa somo lenyewe.

Chukua kikokotoo. Mkeka una mechi kumi. Tuwe wakarimu, tuseme kila timu aliyoichagua ina uwezekano wa asilimia 70 kushinda, na mechi moja haiathiri nyingine. Andika 0.7 mara kumi, kisha uzizidishe zote kwa pamoja. Utapata kama 0.028. Chini ya mikeka mitatu katika kila mia ndiyo itakayotiki yote. Kijana anaangalia mechi moja moja, anaona kila moja "ya uhakika", anadhani uhakika kumi ni uhakika mkubwa. Kuzidisha kunampa jibu ambalo mahubiri yetu hayajampa.

Halafu mpe la pili. Mchezo wa shilingi, nusu kwa nusu, kampuni inakulipa mara 1.90 ya dau. Ukicheza mara 100 kwa shilingi 1,000, umetoa 100,000. Kwa wastani utashinda mara 50 na kurudishiwa 95,000. Hiyo 5,000 haikupotea kwa bahati mbaya. Ilipangwa.

Na ile hoja ya "wamefungwa mechi tano mfululizo, leo lazima", mwambie usiku wa Agosti 18, 1913 kule Monte Carlo mpira wa gurudumu la kamari uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walijazana kuweka pesa kwenye nyekundu, kila mara wakisema sasa ni zamu yake. Ni yaleyale ya baba mkubwa wa Muheza.

Rudi shuleni ukamshukuru mwalimu. Peleka na ndizi.

Mwalimu, shuleni kwetu hakuna dado hata moja na bajeti ni sifuri. Tufanyeje?
*Mwalimu, Korogwe*

Andika namba 1 hadi 6 kwenye visoda sita vinavyofanana, tia kwenye soksi, tikisa, chomoa kimoja bila kuchungulia, kirudishe. Zamani tulitumia mfuko wa rambo, siku hizi umepigwa marufuku na soksi ni bora hata hivyo, haionyeshi ndani. Sisitiza kukirudisha. Asiyekirudisha amebadilisha asili bila kutoa taarifa.

Ukitaka dado lenyewe, nunua sabuni ya mche. Kata kipande chenye pande sita sawa kadiri mkono utakavyokubali, toboa vidoto kwa msumari. Ni vigumu kulikata likawa sawasawa, na hiyo ni faida: wape vikundi madado tofauti, kila kikundi kirushe mara 120 na kutafuta dado lake linapendelea namba gani. Lililo bapa litajiumbua lenyewe. Sisi tulikuwa na la sita-sita tulilolipenda sana, kila kikundi kililigombea. Mwisho wa muhula pembe zilikuwa zimekwisha kabisa, tukalifulia vitambaa vya ubao.